Simu ya Mtani Kutoka Pugu

Nyie mliobaki kwenye ofisi ya kata mmeniomba niandike niliyoyaona kazini, na mmoja wenu akaongeza, "Mama, weka na mafanikio." Mafanikio yamo kwenye ripoti, kayasomeni huko kama panya hawajayamaliza. Mie nitaandika yaliyonishtua. Katika kazi hii ya mazingira nilianza kushtuka siku ya kwanza, na nimestaafu bado nashtuka. Mkimwona afisa mazingira ambaye hashtuki tena, mhamishieni masijala.

Siku hiyo ya kwanza nilikuwa nimetoka zangu Same, Mpare mzima, nina cheti na viatu vya ngozi. Nilipangiwa kata moja ya Temeke, pembezoni kabisa mwa mji, ambako mto unaoteremka kutoka milima ya Pugu unapita bondeni kabla ya kwenda baharini. Huo mtaa wa bondeni nitauita Mateteni. Siyo jina lake, lakini wenyewe wakali na mie bado naishi jirani nao.

Aliyenipokea ni bwana afya wa kata, Mzee Shomari, mtu mrefu asiyependa kurudia neno. Aliviangalia viatu vyangu akauliza, "Hivyo vya kazini au vya harusini?" Akanipa gambuti zilizonizidi, nikajaza magazeti kwenye vidole, tukashuka bondeni. Nyumba ya kwanza tuliyoifikia nikakuta watu wanamwaga taka mbele ya mlango: maganda ya ndizi, nepi, mifuko, mabaki ya samaki. Mwenye nyumba kasimama anaangalia. Nikasema moyoni, maskini, huyu anaonewa. Nikamkimbilia.

"Baba, shikamoo. Nani hawa wanakumwagia taka?"

Akanitazama kama mtu aliyeona mgonjwa wa homa. "Nimeziagiza mwenyewe, mwanangu. Nainua kiwanja. Maji yakija yasinikute chini."

Jamani! Mtu anaagiza taka kama mwenzie anavyoagiza mchanga wa kujengea! Nilitaka kumhubiria pale pale kwamba taka za jikoni zikifukiwa zinaoza na kutoa gesi inayozidi kulipasha joto anga letu, na kwamba nyumba iliyokaa juu ya nepi haina msingi. Mzee Shomari akanivuta mkono. Tulipopanda juu ndipo akanena.

"Yule si mchafu. Yule anajikinga na mafuriko kwa alichonacho. Ukitaka aache, mpelekee kingine cha kujikingia. Ukienda na mdomo mtupu, utarudi nao mtupu." Akatembea kidogo, akaongeza, "Na ukibisha hodi usiseme mazingira. Mazingira hayaliwi. Uliza wanapika na nini, na mvua ikinyesha wanalala wapi."

Hayo ndiyo mafunzo yangu yote ya kazi. Semina zilizofuata zilikuwa chai na vitafunwa.

Kwa hiyo tukaanza na viroba. Tulijaza mchanga, tukavipanga kwenye ukingo, na mbele yake, na kwenye mteremko wa kupandia barabarani, tukapanda mianzi, maana mianzi inashika udongo kama kucha. Taka za jikoni tukazichimbia mashimo ya mboji juu ya mtaa, na mboji ikaenda kwenye bustani za mchicha zilizo kando ya mto. Wenye bustani walipoona mchicha umenenepa, hawakuhitaji hotuba. Msipande mianzi wakati wa kiangazi. Na msikubali kuipanda mbele ya mgeni rasmi, kwa sababu mgeni rasmi huja saa sita mchana na mche unakufa kabla hajamaliza kusalimia.

Nyumba iliyokuwa chini kuliko zote pale Mateteni ilikuwa ya Bi. Tatu. Mzaramo wa hapo hapo, mjane, muuza vitumbua, mguu mmoja mbovu na ulimi mzima. Aliishi na mdogo wake, Siwema, aliyekuwa na bustani ya mchicha nyuma ya nyumba. Kila mkutano niliowaomba watu wa chini wahamie juu, Bi. Tatu alikuwa na jibu lile lile: "Mama Mazingira, mguu huu haupandi. Hapa nimezaliwa, na maji nayajua kabla yako." Hakuna aliyethubutu kuendelea baada ya hapo. Hata mjumbe wao, Mzee Kondo, alikuwa anajifanya anatafuta kofia.

Niligawa majiko banifu pale, yale ya udongo yanayokula mkaa nusu ya majiko ya kawaida. Wanawake wakayapokea kwa vigelegele. Baada ya muda nikapita kukagua, nikakuta kila nyumba inapikia jiko la zamani. Majiko yangu yako wapi? Nikaingizwa vyumbani. Mengine yamefunikwa vitambaa vya kufuma juu ya kabati, mengine yamewekwa pamoja na vyombo vya mabinti wanaosubiri kuolewa. Moja nilikuja kulikuta mtaa mwingine kabisa, limefungwa utepe, limetolewa zawadi kwenye kitchen party!

"Zuri mno hilo kulipaka masizi," Siwema aliniambia, na hakuwa anatania.

Mwee! Nilikaa chini kwenye mkeka nikacheka mpaka nikakohoa. Tangu siku hiyo nikawa nagawa majiko yaliyokwishapikiwa, yenye masizi tayari. Yakatumika yote.

Jiko ndilo lililonipeleka Pugu. Nilijiuliza huu mkaa wanaounguza unatoka wapi, nikafuata gunia mpaka lilikotoka. Likanifikisha pembeni mwa msitu, karibu na kalavati ambapo mto huanza kupata nguvu, kwa mchoma mkaa aitwaye Mzee Maganga. Mnyamwezi wa Tabora, mfupi, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Alikuwa amewauzia mkaa watu wa Mateteni tangu kofia za vijana wao zikiwa kubwa kuliko vichwa, anawajua kwa majina na kwa madeni.

Sikumwambia aache mkaa. Nilikumbuka kuhusu mdomo mtupu. Nilimuuliza kwao Tabora walikuwa wanafanya nini, akasema nyuki, baba yake alikuwa mtu wa nyuki. Nikahangaika mpaka kikundi chake kikapata mizinga. Ilichukua misimu, msidhani ni hadithi ya wiki moja. Mara ya kwanza nyuki walihama wote, na Maganga akarudi kwenye tanuri lake akiwa amenuna. Lakini asali ilipokuja, ikaja na akili: mwenye mizinga hataki miti ikatwe, na akawa anafukuza wachoma mkaa wenzake kwa ukali kuliko askari wa misitu. Mkewe, Bi. Nyamizi, alikuwa akinifungia sega kwenye jani la mgomba kila nikiondoka.

Siku moja pale kwake nilishtuka tena. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha Pugu alfajiri, mto unanguruma. Nikapiga simu ofisini kuuliza hali, nikaambiwa huku jua kali, watu wameanika nguo. Kumbe maji yanayoua Mateteni hayanyeshi Mateteni! Yananyesha Pugu, yanatembea taratibu kama mgeni, yanafika wakati mbingu ni nyeupe na watu wamelala mchana. Nilimwambia Maganga. Akasema, "Mbona hilo najua siku zote?" Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tukasimika nguzo pale kwenye kalavati, tukaipaka rangi nyekundu sehemu ya juu. Maji yakigusa nyekundu, Maganga anampigia Mzee Kondo. Kondo anatangaza, watu wanapanda shuleni, kule juu barabarani. Kitu rahisi. Watu wa makao makuu wakaja wakapiga picha na nguzo.

Sasa nifike pale ninapopachukia.

Ilikuwa wakati wa masika, siku yenye jua la kukausha dagaa. Nilikuwa uani kwa Bi. Tatu, nawaonyesha wanawake kufinyanga mkaa wa vifuu vya nazi. Barazani pale pale Mzee Kondo na wenzake wanacheza bao. Simu yake ikalia, akaiweka spika ili asiache kete.

"Mtani! Maji yamefunika nyekundu! Tokeni huko!" Sauti ya Maganga.

"Umeanza!" Kondo akajibu huku anasambaza kete. "Hayo maji umeyabeba kichwani na mzigo wa nani, mpagazi we?"

Baraza zima likaangua kicheko.

"Kondo, leo sitanii! Wallahi yanakuja!"

"Mtani akiapa ndiyo kazidisha!" mwingine akapokea. "Jua linawaka, huyo kaota. Mwambieni ale karanga akalale!"

Nilisimama na mikono imejaa masizi. "Mnacheka nini nyie?"

"Mama Mazingira, tulia," Kondo akasema, bado anatabasamu. "Huyu Mnyamwezi mtani wetu. Juzi tu katupigia kasema simba wa Pugu anateremka kwenda Mbagala kununua kanga."

Nilijua utani upo, nani asiyejua? Sie Wapare na Wachaga tunarushiana maneno mpaka kanisani. Ila sikuwahi kufikiri unaweza kukaa katikati ya mtu na uhai wake. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi, na kwa mtani kila neno ni mchezo, hata kiapo. Tulikuwa tumemkabidhi kazi ya kusema kweli mtu pekee ambaye, kwa desturi, Mateteni haiwezi kumwamini!

Nilipuliza filimbi mpaka mashavu yakauma. Nilipiga mabati. Wengine wakainuka kwa kunionea haya tu. Siwema alikuwa bustanini anachuma mchicha, amesikia yote, anacheka. Nilimpigia kelele apande. Akanipungia mkono, kama kusema namalizia tuta hili.

Maji hayakuja kama mawimbi. Yalikuja kama ukuta wa matope, na magogo na matairi ndani yake. Kondo na wenziwe walimbeba Bi. Tatu juujuu mpaka kwa jirani mwenye ghorofa. Viroba vyetu viling'oka kama vitumbua kwenye kikaango. Siwema tulimpata jioni, upande wa pili wa daraja.

Msibani mgeni mmoja akaja akaketi akasema, "Ndiyo hivyo, ajali haina kinga." Nilimgeukia. Nikamwambia, ilikuwa na kinga, tena ilipiga simu. Nikatoka nje kabla sijasema zaidi kwenye nyumba ya watu.

Nikiwa nje nikamwona Maganga anashuka kilima. Nikasema leo watamchana kwa hasira, au yeye atawalaani, maana mwenye haki ni yeye. Hakuna lililotokea katika hayo. Aliingia uani, hakusalimia mtu, akanyakua ndoo ya marehemu, jembe lake, na sufuria kubwa ya pilau iliyokuwa imeinamishwa kando.

"Vyangu hivi!" akapaza sauti. "Niliwaambia mkabisha, Wazaramo vichwa maji! Sasa nabeba vyote, na maiti hatoki hapa mpaka mniombe radhi!"

Na watu wakacheka! Waliokuwa wanalia wakacheka huku wanalia. Mie nikamfokea. "Mzee Maganga, una akili kweli?" Mzee Shomari, aliyekuwa amekwishastaafu wakati huo lakini hakosi msiba, akanishika bega. "Mwache. Anafanya kazi yake. Asipowatania leo, maana yake amewachukia."

Maganga akaondoka na sufuria, anapanda kilima kwa mwendo wa mwizi. Hapo ndipo Bi. Tatu alipoinuka. Alichukua fimbo yake, akafunga kanga kiunoni, akatoka. "Mnyamwezi mwizi! Rudisha sufuria ya mama yangu!" Akapanda. Aliteleza, akashika mianzi, akaendelea kupanda, anamtukana matusi ya kitani ambayo sitayaandika hapa. Alimfikia juu barabarani karibu na geti la shule. Walikaa wote wawili kwenye ukingo wa mtaro, hawana pumzi, wanalia, sufuria iko katikati yao.

Mie nilikuwa chini nimeshika kichwa. Mguu ule usiopanda! Ule uliokataa mikutano yangu yote, vipeperushi, na mkuu wa wilaya na msafara wake!

Baada ya arobaini nilikwenda kuzungumza na Bi. Tatu. Sikujua nianzeje, maana nilitaka kugeuza msiba wa mdogo wake kuwa mpango kazi. Akanirahisishia mwenyewe.

"Mie mguu wangu haupandi kwa amri," alisema. "Nikiibiwa unapanda. Sasa fanya unalolijua."

Nililolijua ni hili. Kule juu barabarani wanaishi Wanyamwezi na Wasukuma wengi: mafundi viatu, waendesha bodaboda, wauza mahindi. Wote watani. Tukakaa nao. Maganga akipiga simu, hao wanashuka bondeni, kila mmoja kwenye nyumba yake, ananyakua kitu na kukimbia nacho shuleni. Mwenye mali hana ruhusa ya kukasirika, maana ni mtani, na hana ruhusa ya kukaa, maana ni mali yake. Kila nyumba ilichagua mapema kitu cha kunyakuliwa. Zingatieni hapa, kitu kiwe chepesi na kiwe kinauma. Baba mmoja alipendekeza runinga yake mpya, fundi viatu Mihayo akakataa: "Hiyo, mzee, tutaiba kweli."

Kwenye ripoti niliandika ni matumizi ya mila katika kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Makao makuu wakajibu kuuliza kama wizi huo umepitishwa na kikao.

Maganga alikuwa na masharti mawili, na aliyasema mbele ya wote, kavua kofia. "Simu ya maji haitakuwa na utani tena. Utani utakuwa wa mikono ya hao ndugu zangu. Na mie sikati simu mpaka nisikie mnapanda. Ile siku niliikata nikadhani mmeelewa."

Misimu ikapita. Tulifanya majaribio, watu wakafukuzana kwa vicheko, watoto wakaipenda kuliko sikukuu. Tukapanda mianzi upya. Kule Pugu, lakini, kulikuwa na jambo lililonikera, wachimba mchanga. Walikuwa wanachimba ukingo wa mto karibu na kalavati, ukingo ukabaki kama paa lisilo na nguzo. Niliandika, nikaenda, nikagomba. Wakahama wiki, wakarudi.

Kisha mvua zikaja, na zikaja zimekasirika. Zamani masika ilikuwa na adabu, unajua inaanza lini na inachoka lini. Siku hizi inamwaga ya mwezi mzima kwa asubuhi moja. Nilikuwa ofisini simu ya Kondo iliponifikia: "Mama, mtani kasema!" Nilifika Mateteni nikaona kitu sijawahi kukiona kazini. Mtaa mzima unapanda. Mtu anakimbia na redio, nyuma yake mwenye redio. Mtu na kuku watatu, nyuma yake mama na wanawe wote. Jua linawaka, hakuna hata tone, na hakuna aliyebaki barazani.

Bi. Tatu alikuwa wa mwisho. Mihayo alipaswa kunyakua cherehani yake ya mkono, hakuiona, akanyakua sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Nikasikia ukelele. "Mihayo! Si hilo! Sanda yangu imo humo! Ya Makka hiyo, imeoshwa zamzam! Nikifa leo nitavikwa gunia?" Lakini Mihayo alikuwa ameshafika kwenye mianzi, na Bi. Tatu nyuma yake, fimbo juu.

Mzee Kondo alikuwa anapanda kando yangu, simu mkononi, spika imewashwa. Maganga yuko hewani muda wote.

"Mmefika wapi?"

"Kwenye mianzi."

"Bi. Tatu yuko wapi? Nataka kusikia Bi. Tatu."

Kondo akainyoosha simu kule sauti ilikotoka. "Msikie mwenyewe! Mihayo kamwibia sanda!"

Maganga akacheka. Kicheko kirefu, cha mtu aliyekaa na jambo muda mrefu. "Mwambieni asirudishe! Mwambieni hiyo sanda ni..." Kikasikika kishindo, kama lori linamwaga mawe, na simu ikafa.

Kondo aliipiga tena. Aliendelea kuipiga mpaka tulipofika shuleni, na maji yakawa yamejaa bonde lote chini yetu. Tulihesabu nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyekosekana Mateteni. Watu wakakumbatiana, wengine wakaanza kuimba. Mie na Kondo tulikuwa tumesimama pembeni tunaitazama simu.

Ukingo uliochimbwa mchanga ulikuwa umeporomoka naye. Bi. Nyamizi alisema alimwita arudi kwenye mizinga, kukavu, akamjibu kule mtandao unakatika na watu hawajapanda wote. Walimkuta asubuhi yake.

Nilipopata habari nilikaa chini palepale. Sikulia. Nilikuwa na hasira ambayo hata leo sijui pa kuiweka. Wachimba mchanga walikuja msibani, wakaketi, wakala. Mmoja wao alianza kusema ajali haina kinga. Nilimtazama tu, akaacha sentensi katikati.

Mateteni yote ilipanda Pugu. Msiba wa Mnyamwezi, basi watani wa kutania ni Wazaramo, na ni wajibu. Lakini walifika pale wakakaa kimya kama waliomwagiwa maji. Mzee Kondo alifungua mdomo, akaufunga. Mwenye nyumba akifa na watani wakanyamaza, kwao ni aibu kubwa, ni kama kusema huyu hakuwa mtu wetu. Niliwaona ndugu wa Maganga wanaanza kutazamana.

Ndipo Bi. Tatu akaingia, na sanduku lake kichwani. Aliliweka mbele ya Bi. Nyamizi, akalifungua, akatoa sanda, akaiweka mapajani mwake.

"Mvikeni hiyo," alisema, na sauti yake ikasikika mpaka kwa wanaume nje. "Aliitaka jana kwenye simu, nikasikia kwa masikio yangu. Mnyamwezi hajawahi kuona cha mtu akakiacha! Sasa ya mwanamke ina vipande vingi kuliko ya mwanamume. Hiyo ziada mfungieni mizigo yake. Mpagazi haendi mikono mitupu."

Kisha Bi. Nyamizi, mjane mwenyewe, akaanza kucheka, akaificha sura yake ndani ya sanda ile na mabega yakamtikisika, na nyumba nzima ikafuata. Kondo akasimama akalala mlangoni, akasema jeneza halipiti mpaka alipwe asali. Ikawa msiba.

Jioni magari yalipoanza kurudi Temeke, nilimtafuta Bi. Tatu nimsaidie kupanda. Nilimkuta ameketi kizingitini kwa Bi. Nyamizi, amenyoosha mguu mbovu, anautazama mto.

"Nendeni," alisema. "Mie nabaki."

"Mpaka hitima?"

"Nabaki. Kutokea hapa nguzo yenu naiona vizuri, sina haja ya kwenda ukingoni. Simu Nyamizi anayo." Akaona nimeduwaa, maana miaka yote ile nilikuwa nimemwomba ahame Mateteni, nikamwomba na kumwomba. "Unanitazama nini? Nani atawapigia? Wakimweka mtani mwingine si watacheka tena? Mie si mtani wao. Mie nimewakanda wengine siku waliyozaliwa."

Mvua zilizofuata zilinikuta nimestaafu. Nilikuwa Mateteni kwa shughuli zangu, nimekaa barazani kwa Kondo na wachezaji bao, jua linawaka, simu ya Kondo ikalia. Akaiweka spika.

"Kondo," Bi. Tatu alisema, "pandeni."

Hakuna aliyecheka. Kondo aliacha kete zake palepale, akaingia ndani, akatoka na godoro, nasi tukapanda.